Kabla Hujapiga Makofi

Jumamosi asubuhi, uwanja wa shule ya msingi. Hema mbili nyeupe zimesimikwa, vijana wamevaa fulana zenye nembo ya kampuni, miche imepangwa kando ya ua, na hundi ya karatasi ngumu, kubwa kama mlango, inangoja kupigwa picha. Meneja wa tawi anahutubu kwamba kampuni yake inaijali jamii. Mnapiga makofi, mnapewa soda na mkate, kila mtu anarudi kwake Umoja, Kayole au Jericho.

Jumatatu, mama aliyeketi kando yako pale hemani anapigiwa simu na kampuni ileile. Amechelewesha marejesho kwa siku tano. Aliyempigia haulizi kimetokea nini. Anataja faini na kukata simu.

La Jumamosi litaingia kwenye ripoti ya mwaka, pamoja na picha. La Jumatatu halitaandikwa popote, na ndilo litakaloamua kama kibanda cha yule mama kitafunguliwa mwezi ujao. Mwongozo huu unahusu namna ya kupima la Jumatatu. Umeandikiwa mwenye kibanda Gikomba, fundi wa jua kali Kamukunji, mweka hazina wa chama, mwanachama wa sacco na kijana anayekopa kwa simu. Unachohitaji ni kalamu, kikokotoo cha simu na uso mkavu wa kuuliza.

Jua kwanza unachotafuta

Mitaa kadhaa ya Eastlands, mashariki mwa Nairobi, ilijengwa kwa mkopo. Buruburu iliinuka kuanzia miaka ya 1970 kwa fedha za shirika la maendeleo la Jumuiya ya Madola lenye makao Uingereza, na walionunua nyumba wakalipa polepole kwa rehani. Umoja ilipata fedha za USAID ya Marekani. Huko Dandora, kuanzia 1975, Halmashauri ya Jiji na Benki ya Dunia hazikujenga nyumba kamili. Ziligawa viwanja takriban 6,000 vyenye choo, bafu na bomba la maji, kisha kila aliyepewa akaongeza vyumba kadiri mfuko ulivyomruhusu. Si wote walionufaika. Wapo waliouza haki zao mapema. Hata hivyo, waliodumu walipata paa na wapangaji, na walivipata kwa sababu masharti yalimpa mtu wa kipato kidogo nafasi ya kupumua.

Mfano wa pili ni wa watu wenyewe. Mwaka 1999, Ingrid Munro, mwanamke kutoka Uswidi, alianzisha Jamii Bora pamoja na wanawake 50 waliokuwa wakiomba barabarani hapa Nairobi. Walianza na akiba, na aliyeweka akiba alikopeshwa mara mbili ya alichoweka. Mpango ukaenea Mathare na kwingineko. Baadhi ya wakopaji walipokwama, wenye mpango waliuliza sababu, wakakuta kwamba mara nyingi mtu alikuwa na mgonjwa nyumbani na pesa za marejesho zilikuwa zimekwenda hospitalini. Badala ya kuongeza faini, wakaanzisha bima ya afya ya bei nafuu kwa wanachama. Baadaye ilizaliwa Jamii Bora Bank, na mwaka 2020 Co-operative Bank ilinunua asilimia 90 ya hisa zake na kuiita Kingdom Bank. Jina limeondoka, funzo lipo: kampuni ya fedha inayowajibika humuuliza mteja aliyekwama kilichomkwamisha, kisha hurekebisha bidhaa yake.

Ukishika hilo, hatua zifuatazo hazitakupa shida.

1. Pigia hesabu bei ya pesa

Wema wa kwanza wa mkopeshaji ni kusema bei yake waziwazi. Usikubali kuambiwa "asilimia ndogo tu". Uliza maswali matatu: asilimia hiyo ni ya muda gani? Inahesabiwa juu ya nini? Ni ada zipi nyingine zitakatwa?

Chukua mfano wa muda. M-Shwari ilipozinduliwa Novemba 2012 na Safaricom pamoja na benki ya CBA, ambayo sasa ni NCBA, mkopo wa siku 30 ulitozwa ada ya asilimia 7.5. Ukikopa Sh5,000, unalipa Sh375 juu. Hazina ya Hustler, mfuko wa mikopo wa serikali, ilianza 30 Novemba 2022 kwa riba ya asilimia 8. Kwa haraka utadhani ya pili ndiyo ghali. Lakini asilimia 8 ile ni ya mwaka mzima, kwa hiyo Sh5,000 kwa siku 30 inazaa riba ya takriban Sh33. Ile 7.5, ukiirudia kila mwezi kwa mwaka, inafika asilimia 90. Namba zinafanana sura, tabia ni mbalimbali.

Sasa mfano wa hesabu juu ya nini. Unakopa Sh60,000 kwa miezi 12, riba asilimia 12 kwa mwaka. Mkopeshaji mmoja anahesabu riba juu ya Sh60,000 zote kwa mwaka mzima, hata kama umeshalipa nusu. Riba yake ni Sh7,200. Mwingine anahesabu juu ya salio linalopungua kila unapolipa. Riba yake ni takriban Sh3,970. Asilimia ni ileile 12, lakini wa kwanza amechukua karibu mara mbili. Kwa hiyo uliza hivi: "Riba yenu ni ya salio linalopungua au ya mkopo wote?" Ofisa akibabaika, umeshajibiwa.

Mwisho, omba karatasi yenye gharama yote: riba, ada ya kushughulikia mkopo, bima, ada ya wakili, ada ya kuchelewa, na jumla utakayokuwa umelipa siku ya mwisho. Benki za Kenya zinatakiwa kueleza gharama jumla ya mkopo, na chama cha mabenki kina kikokotoo chake mtandaoni. Usitie sahihi kabla ya kuona jumla hiyo kwa shilingi.

2. Chunguza wanavyodai

Waswahili walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Tabia ya mkopeshaji huijui siku ya harusi, kwa hiyo ichunguze kabla.

Kwa apu za simu, anza na leseni. Sheria ya Benki Kuu ilifanyiwa marekebisho Desemba 2021, na kanuni za wakopeshaji wa kidijitali zikatoka Machi 2022. Benki Kuu huchapisha orodha ya waliopewa leseni kwenye tovuti yake. Tafuta jina la kampuni, kwa sababu jina la apu na jina la kampuni mara nyingi ni tofauti. Asiyekuwemo, mpite.

Kanuni hizo zinamkataza mkopeshaji kumtisha au kumtukana mkopaji, kumwaibisha hadharani, na kuwapigia watu waliomo kwenye orodha ya simu yake ili wamdai. Kama apu inaomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yako, jiulize itayafanyia nini. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo ina meno: Septemba 2023, Kamishna wa Data aliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye apu za KeCredit na Faircash, faini ya Sh2,975,000 kwa kutumia majina na namba za simu za watu kuwatumia jumbe za vitisho na kuwapigia kuwadai.

Kwa benki, kumbuka kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki. Mkopo ukishahesabiwa kuwa umeshindikana, riba inayoweza kudaiwa tangu hapo haiwezi kuzidi deni la msingi lililokuwa limebaki siku hiyo. Kama lilikuwa limebaki Sh20,000, riba itaishia Sh20,000 nyingine, ukiongeza gharama halali za kudai. Mtu anayeambiwa kuwa Sh20,000 zake zimekuwa Sh90,000 ana haki ya kuomba hesabu kwa maandishi.

Kabla jina lako halijapelekwa kwenye CRB, ofisi inayotunza kumbukumbu za wakopaji, kama mdaiwa sugu, lazima uarifiwe mapema. Pia una haki ya kupata ripoti yako ya CRB bure mara moja kwa mwaka. Ichukue hata kama hudaiwi; makosa hugunduliwa na wanaotazama.

3. Soma ripoti yao kwa kalamu

Benki zilizoorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Nairobi huchapisha ripoti za mwaka, na unaweza kuzipakua bure. Nyingi zina sura au kitabu kizima cha uendelevu. Novemba 2021 Soko la Hisa lilitoa mwongozo wa namna ya kuripoti mambo ya mazingira, jamii na uongozi. Mwezi mmoja kabla yake, Benki Kuu ilikuwa imezipa benki mwongozo wa kusimamia hatari zinazotokana na mabadiliko ya tabianchi. Aprili 2025 iliongeza mfumo wa kutambua ni biashara zipi zinazoweza kuitwa za kijani. Kwa hiyo benki haiwezi tena kukwambia mambo haya ni ya hiari ya moyo tu.

Ruka picha. Tafuta mambo manne, uandike kando.

*Kiasi ukilinganisha na faida.* Wakiandika "tumetoa milioni 10", geuza kurasa utafute faida ya mwaka. Kama ni bilioni 10, wametoa senti 10 kwa kila shilingi 100 ya faida. Si dhambi, lakini sasa unajua uzito wake.

*Mwenye pesa.* Miradi mingi huendeshwa kwa ubia. Wings to Fly, mpango wa kuwasomesha wanafunzi werevu kutoka familia maskini, ulianzishwa 2010 na wakfu wa Equity pamoja na Mastercard Foundation. Ubia ni jambo jema, na kuendesha mpango mkubwa ni kazi. Unapohesabu, tenganisha pesa za kampuni na pesa za mfadhili.

*Mambo mabaya.* Ripoti ya kweli ina malalamiko ya wateja, mikopo iliyoshindikana, wafanyakazi waliofukuzwa kwa wizi, na malengo yasiyotimia. Ripoti isiyo na kosa hata moja ni tangazo la biashara.

*Mwaka jana walisema nini.* Fungua ripoti ya mwaka uliopita. Kama waliahidi kuwakopesha wanawake 5,000 wenye biashara ndogo, tafuta wangapi walikopeshwa. Ahadi ikitoweka bila maelezo, ihesabu kama deni wasilolipa.

4. Kwenye mazingira, fuata pesa, acha miche

Kupanda mche ni siku moja, kuumwagilia ni miaka. Kwa kampuni ya fedha, swali zito zaidi ni nani anakopeshwa na kwa kazi gani.

Hapa kwetu mazingira si habari za mbali. Jaa la Dandora lilifunguliwa katikati ya miaka ya 1970, likatangazwa kujaa mwaka 2001, na malori bado yanaingia. Mvua za Machi hadi Mei 2024 zilifurisha Mto Nairobi na vijito vyake, zikabomoa na kusomba nyumba Mathare na Mukuru. Gunia la viazi likienda na maji, mkopo uliolinunua haukwenda nalo.

Kwa hiyo swali la kwanza la mazingira ni hili: "Mafuriko yakiingia dukani kwangu, mna utaratibu gani wa kupanga upya mkopo?" Usikubali kuambiwa haiwezekani. Mwaka 2020, baada ya korona kuingia, Benki Kuu iliruhusu mabenki kupanga upya mikopo, na hadi Februari 2021 mikopo ya takriban Sh1.7 trilioni ilikuwa imepangwa upya. Milango ilifunguka kwa wakubwa; uliza kama inafunguka kwa mwenye mkopo wa Sh30,000.

Swali la pili: wanakopesha nani mtaani? Kikundi cha vijana wanaokusanya na kuchambua taka kina biashara halisi, yenye mapato ya kila wiki kutoka kwa wenye nyumba. Je, kampuni inawapa mkopo wa kununua mkokoteni, au inawapa glavu na fulana mara moja kwa mwaka?

Swali la tatu ni la bidhaa zinazoitwa za kijani. M-KOPA ilipoanza kuuza vifaa vya umeme wa jua kwa malipo ya kila siku mwaka 2012, ilifungua njia kwa nyumba nyingi zisizo na stima, na mfumo huo umeenea hadi kwenye simu na pikipiki za umeme. Hata hivyo, ukijani haufuti hesabu. Zidisha malipo ya siku kwa idadi ya siku, ongeza amana, kisha linganisha na bei ya kununua taslimu. Tofauti hiyo ndiyo bei ya mkopo.

5. Kwenye sacco, mwenye kampuni ni wewe

Ukiwa mwanachama wa sacco huna wa kumlaumu peke yake, kwa sababu umiliki ni wako. Kuijali jamii ni kanuni ya saba ya ushirika duniani, lakini jamii ya kwanza ya sacco ni wanachama walioweka akiba zao.

Hakikisha sacco inayopokea amana ina leseni ya SASRA, mamlaka iliyoundwa chini ya sheria ya 2008. Kumbuka pia kwamba bima ya amana ya KDIC, inayomlinda mwenye akaunti hadi Sh500,000 benki ikianguka, ni ya wateja wa benki. Mlinzi wako kwenye sacco ni mkutano mkuu na macho yako.

Uende na maswali haya, na usikae chini kabla hayajajibiwa:

- Mahesabu yaliyokaguliwa yako wapi, na mkaguzi alitoa maoni gani?
- Pesa zetu tumeziwekeza wapi nje ya sacco, kiasi gani, na zinarudi lini?
- Viongozi na jamaa zao wamekopa kiasi gani, na wanalipa?
- Gawio la mwaka huu limetoka kwenye faida, au tumekopa ili tupendeze?

Swali la pili lisikuponyoke. Ukaguzi maalumu wa KUSCCO, muungano wa sacco nchini, ulipotangazwa mapema 2025, ulieleza upotevu wa takriban Sh13.3 bilioni. Sacco nyingi zilikuwa zimeweka pesa za wanachama huko, na wanachama wengi hawakuwa wamewahi kuuliza.

Kwa chama kidogo cha watu kumi na watano, sheria ni zilezile kwa udogo wake: daftari moja linalosomwa kwa sauti kila mkutano, watia sahihi watatu, na maandishi yanayosema mwenzenu akiuguliwa atapewa muda gani kabla ya faini. Hapo mtakuwa mmetimiza walichotimiza Jamii Bora, bila hema.

6. Lalamika kwa mpangilio

Malalamiko ya mdomo huisha mlangoni. Fuata ngazi.

Kwanza andikia kampuni yenyewe, uweke nakala na tarehe. Barua fupi inatosha:

*"Mimi ni mteja wenu, akaunti namba … Tarehe … nilikatwa Sh… ambazo hazimo kwenye mkataba niliotia sahihi. Naomba maelezo kwa maandishi na marejesho ya pesa hizo katika siku 14. Nimeambatisha taarifa ya akaunti."*

Wakikaa kimya, panda ngazi: Benki Kuu kwa benki na mkopeshaji wa kidijitali, SASRA kwa sacco yenye leseni yake, Kamishna wa Vyama vya Ushirika kwa nyinginezo, Ofisi ya Kamishna wa Data kama namba au picha zako zimetumiwa vibaya. Kama ni suala la pesa lisilozidi Sh1,000,000, Mahakama ya Madai Madogo hupokea kesi bila ulazima wa wakili, na sheria inataka iamuliwe ndani ya siku 60.

Tunza ushahidi: jumbe za M-Pesa, picha za skrini, rekodi ya tarehe na saa za simu. Na mlalamike kwa kikundi inapowezekana. Wateja kumi na wawili wa mtaa mmoja wenye ada ileile isiyoelezeka ni habari; mteja mmoja ni faili.

Siku ya hema ijayo

Watarudi, na wakija uende. Pokea soda. Shika mche uupande vizuri, kivuli hakina hatia. Meneja akimaliza hotuba na kuuliza kama kuna mwenye swali, inua mkono, chukua maikrofoni, umuulize kwa heshima:

"Asante kwa kutukumbuka. Mwaka jana, katika tawi hili letu, ni wateja wangapi waliokwama mkawapangia upya mkopo, na ni wangapi mliopeleka mali zao kwa madalali?"

Toa daftari. Andika jibu, jina la tawi na tarehe. Akisema hana takwimu hapo alipo, mwambie mtazipitia ofisini Jumatatu, na kweli mwende.

Akijibu kwa hesabu, mpigie makofi.